Paka Shume

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 6 Januari 2023, yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, na mlinzi wetu, mzee mmoja mpenda redio, alikuwa amekaa kibarazani akingoja taarifa ya habari. Ndani nilibaki mimi, feni lililokuwa likizunguka kwa kujivuta, na kompyuta moja nyeusi iliyowekwa chini ya meza juu ya matofali mawili, ili mvua za Morogoro zikiingia ndani zisiifikie. Kompyuta hiyo ndiyo iliyobeba hesabu za wanachama wote wa chama chetu cha akiba na mikopo. Na asubuhi ya Jumamosi tulikuwa tumetangaza kutoa mikopo ya shule, kwani Jumatatu watoto walikuwa wanafungua.

Saa mbili baadaye nilikuwa nimeiua.

Nijieleze kwanza, ndugu msomaji, usije ukaniona fundi. Mimi si fundi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, nikapata divisheni foo, nikajifungia ndani wiki nzima, kisha nikatoka na wazo la kuandika riwaya. Riwaya yenyewe ipo mpaka leo, sura saba, kwenye madaftari mawili ya kaunta. Mchapishaji mmoja niliyempelekea sura tatu za mwanzo alinirudishia na maneno machache ya kalamu nyekundu: nijifunze kwanza alama za uandishi. Nilimwona mtu mdogo sana, mtu wa kuhesabu mikato wakati mimi namletea mapenzi na kifo.

Pale chamani niliingia kwa kibarua cha kuchapa majina. Baadaye, kwa kuwa sikuwa naogopa kompyuta, nikafanywa mwangalizi wa ile mashine. Kaka aliyeiandika programu ya chama alikuwa amehamia Dodoma, na kabla ya kuondoka alinipa somo la nusu saa. "Dogo," aliniambia, "ukiona imegoma, izime, iwashe. Isipowaka, nipigie. Kingine usiguse."

Programu hiyo iliandikwa kwa Java, na programu za namna hiyo haziendi zenyewe kama unavyowasha redio. Zinataka mwenyeji wa kuzipokea, anayekaa mlangoni, anayesikiliza maombi yanayotoka kwenye kompyuta za kaunta na kuyarudishia majibu. Mwenyeji wetu anaitwa Tomcat, yaani paka dume, na kwa kuwa huyu wa kwetu alikuwa hana wa kumlisha wala kumwogesha, mimi nilimwita paka shume. Kumbe sikuwa mbali na maana. Alizaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems kwa mkono wa James Duncan Davidson, kisha mwaka 1999 akakabidhiwa kwa Apache Software Foundation, ambako yeyote anaweza kumchukua bure. Davidson alieleza kwamba alitaka jina la mnyama anayeweza kujitunza mwenyewe. Tena alitumaini siku moja kumwona paka wake kwenye jalada la kitabu cha O'Reilly, wachapishaji wanaopamba vitabu vyao kwa picha za wanyama. Kitabu kilipotoka mwaka 2003, jalada lilikuwa na chui wa theluji! Nami ninayeota majalada usiku na mchana, habari hiyo ilinifariji kidogo.

Basi, paka wetu alikuwa toleo la 8.5. Mwezi Desemba kaka alinidokeza kwa simu kwamba toleo hilo limezeeka na iko siku litabadilishwa. Hakusema lini, wala hakusema nani atalibadilisha. Kibarua changu kilikuwa kinaisha mwisho wa Januari. Nikajiona nikimwambia meneja, "Mama, nimeshabadilisha," naye akishangaa na kuita bodi. Juu ya hayo diski ilikuwa imejaa asilimia 97, na sababu yake ilikuwa faili moja liitwalo catalina.out. Humo paka huandika kila kinachompata, na asipowekewa utaratibu haanzi ukurasa mpya wala hafuti wa zamani. Huendelea tu kuandika, mwaka baada ya mwaka, kama mimi na riwaya yangu.

Nikashusha toleo la 10.1 kwa bando langu mwenyewe. Kwa nini 10.1? Kwa sababu lilikuwa na namba kubwa. Mwenye akili za kununua simu ndivyo afikirivyo. Nikainakili programu ya chama, lile faili moja tu la .war, nikaiweka kwenye nyumba mpya. Kisha, kwa kuwa nilitaka nafasi kwenye diski, nikaifuta folda ya zamani. Yote. Amri moja, herufi chache, nikabonyeza.

Nikawasha. Haikuwaka.

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi, ingawa lilinitoa kijasho. Paka mpya alilalamika kuhusu namba 55.0 na 52.0. Maana yake ni kwamba yeye alitengenezwa kwa Java 11 na kuendelea, na sisi tulikuwa na Java 8. Nikaweka Java 11. Nikawasha tena. Safari hii alisema anwani inatumika tayari. Inatumikaje, na paka wa zamani nimeshamfuta? Nikatazama orodha ya kazi zinazoendelea ndani ya mashine, nikamkuta yumo! Nilikuwa nimebomoa nyumba, lakini mwenye nyumba alikuwa bado ameukalia mlango namba 8080, akiishi kwa yale aliyokuwa ameyabeba kichwani. Nilipotazama diski, nayo ilikuwa bado asilimia 97, kwa sababu lile faili kubwa alikuwa bado amelishika mkononi, na mashine ya Linux hailirudishi eneo la faili mpaka anayelishika aliachie. Nikamwua kwa namba yake. Diski ikashuka papo hapo.

Nilifurahi, mwenzangu. Laiti ningejua kwamba nilikuwa nimemwua shahidi wa mwisho wa jinsi mambo yalivyokuwa yamepangwa.

Paka mpya akawaka. Aliandika mwenyewe kwamba seva imeanza, kwa milisekunde kadhaa. Nikafungua ukurasa wa chama, nikaletewa 404, yaani hakipo unachotafuta. Nikazima, nikawasha. 404. Nikazima kompyuta nzima, nikaiwasha. 404. Ilikuwa saa tatu usiku. Mlinzi akachungulia dirishani, "Mwanangu, hulali leo?" Nikamjibu nina kazi ya Mama Meneja. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Kaka hakupokea simu. Alinipigia saa tano usiku, nyuma yake kunasikika harusi. Nikamsomea ile logi tangu mwanzo, mstari kwa mstari, akanikatiza. "Dogo, unanisomea kelele. Hiyo mistari ya juu ni watu wanaopiga yowe, hawajui moto umeanzia wapi. Shuka chini. Tafuta palipoandikwa 'Caused by', na zikiwa nyingi shika ya mwisho kabisa. Kisha unitumie."

Nikashuka. Kweli, chini ya yowe refu la mistari kama sabini hivi, pale ambapo sikuwahi kufika kwa kuwa nilishazoea kuchoka katikati, palikuwa na mstari mfupi, mnyenyekevu: ClassNotFoundException, na mbele yake javax.servlet.ServletContextListener. Basi. Kuna kitu kinaitwa javax.servlet, programu yetu inakitafuta, na ndani ya nyumba mpya hakipo. Seva ilikuwa imewaka kweli, haikudanganya. Ni programu yetu ndiyo iliyokataliwa mlangoni, na seva ikaendelea na maisha yake.

Kaka aliucheka ujumbe wangu kwanza, ndipo akanieleza. Lugha ya Java ilitoka mwaka 1995, ikapewa jina la kahawa, nayo kahawa hiyo ililiazima kwa kisiwa cha Java huko Indonesia. Mwaka 2010 Oracle waliinunua Sun, na Java pamoja nayo. Mwaka 2017 walitangaza kuikabidhi ile sehemu ya programu za seva kwa Eclipse Foundation, lakini jina lenyewe la Java hawakulitoa. Hao waliokabidhiwa wakawa na mtoto asiyeruhusiwa kutumia ukoo wa baba. Wakamwita Jakarta, mji mkuu ulio kwenye kisiwa kile kile! Na mwisho wa mwaka 2020 kila kilichoanza kwa javax katika sehemu hiyo kikaandikwa upya kianze kwa jakarta. Tomcat 9 anajua jina la zamani. Tomcat 10 anajua jipya tu. Programu yetu ilikuwa bado inaita jina la zamani, kama bibi anayeendelea kukuita kwa jina la utotoni mbele ya watu wa ofisini.

"Ipo njia ya kuigeuza," kaka akasema, "lakini usiijaribu usiku huu. Shusha 9, rudisha Java 8, lala."

Nikashusha 9 kwa megabaiti za mwisho za bando. Nikamwelekeza kwenye Java 8. Saa saba na robo usiku ukurasa wa kuingilia ukatokea, na ile nembo yetu ya mikono miwili inayoshikana, ambayo siku zote niliiona mbaya, siku hiyo niliiona nzuri kupita kiasi. Nikaandika jina langu na neno la siri. Ikanijia sentensi ambayo sitaisahau: haiwezi kutengeneza dereva wa aina '' kwa anwani 'null'.

Mikato miwili isiyo na kitu katikati. Niliitazama kwa muda mrefu. Katika sura saba za riwaya yangu hakuna mahali nilipowahi kuandika utupu namna ile.

Nikampigia kaka. Harusi ilikuwa imekwisha, sauti yake imekauka. Akaniambia seva haijui hifadhidata iko wapi wala inaingia kwa neno gani la siri, kwa hiyo nichukue maelezo hayo kwenye faili la context.xml la folda ya zamani. Nikanyamaza. "Dogo?" Nikanyamaza. "Usiniambie umeifuta." Nikamwambia. Akashusha pumzi, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na folda ya MySQL, hujaigusa?"

Sikuwa nimeigusa. Lakini ilikuwa kwenye diski ile ile, na kama saa kumi na mbili jioni ningeona nayo ni kubwa, inajaza nafasi, Mungu ndiye ajuaye. Akiba zote zilikuwa humo. Za mama lishe wa Msamvu, za madereva wa bajaji, za mama yangu mdogo aliyekuwa akiweka elfu kumi kila mwezi tangu nikiwa sekondari.

Tukafanya hivi. Kwa kuwa mashine ilikuwa yetu na nilikuwa na mamlaka yote ndani yake, niliingia kwenye hifadhidata kwa mlango wa mkubwa, nikampa yule mtumiaji wa programu neno jipya la siri. Kisha nikaandika upya yale maelezo, kaka akinitajia neno kwa neno: jina, aina, dereva, anwani. Nikawasha, ikakataa. Ikasema baada ya neno fulani panatakiwa nukta-mkato. Nikarudia kusoma nilichoandika mara tatu, nikaona ni sawasawa na alivyonitajia. Kumbe ndani ya mafaili ya namna ile alama ya & haiandikwi peke yake; inaandikwa &amp; na ile nukta-mkato mwishoni ni lazima. Saa tisa ya usiku, mbu wananila, nikamkumbuka yule mchapishaji wa kalamu nyekundu. Sikumsamehe, lakini nilimkumbuka.

Saa kumi alfajiri nikaona orodha ya wanachama. Nikatafuta jina la mama mdogo kwanza. Lilikuwepo, na hela zake. Nikalala juu ya meza.

Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani. Mama Meneja aliingia, nikamwamkia, akanitazama nguo zilizokunjamana. "Marahaba. Wewe umelala hapa?"

Ndugu msomaji, sentensi nilikuwa nimeshaiandaa. Mtu anayejifunza kutunga riwaya hakosi sentensi. "Umeme ulicheza usiku, Mama," nikasema, "seva ikazimika, mafaili mengine yakapotea. Lakini nimeshayarekebisha." Akanishika bega. Akasema mbele ya wote kwamba vijana wa namna hii ndio wa kushikwa, na kwamba mkutano wa bodi ujao atalisema jambo la mkataba wangu. Karani wa kaunta ya pili akanipigia makofi.

Tukaanza kazi. Watu wakachukua mikopo, wakatia sahihi, wakaenda madukani kutafuta sare na madaftari. Lilikuwa jambo zuri kutazama. Zilikuwa zimetoka risiti thelathini na moja hivi, ndipo bibi mmoja, muuza mchicha, alipoirudisha ya kwake dirishani. Alikuwa ameisogeza karibu kabisa na macho.

"Mjukuu wangu, hapa pameandikwaje?"

"Sita kamili, bibi. 06:00."

"Hiyo ya Kizungu ndiyo saa ngapi yetu?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Kumi na mbili mimi nilikuwa naumwagilia mchicha huko Mzinga. Hapa nimefika saa tatu, nimekaa nyuma ya huyu. Mkisema nilichukua hela saa kumi na mbili, kesho si mtasema sikuzichukua mimi?"

Watu wakacheka, bibi hakucheka. Karani akatazama risiti za kwake. Zote zilikuwa nyuma kwa saa tatu. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza kutazama. Saa ya ndani ya ile mashine ilikuwa imewekwa kwa saa ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele yake. Katika folda ya zamani palikuwa na faili dogo liitwalo setenv.sh, na humo kaka alikuwa ameandika mstari mmoja wa kumwambia paka kwamba anaishi Africa/Dar_es_Salaam. Nililifuta pamoja na mengine. Usiku kucha logi ilikuwa ikiniandikia saa zilizochelewa, mbele ya macho yangu, nami nilikuwa natafuta makosa tu.

Mama Meneja akatoka ofisini kwake. Akazipokea zile risiti, akanigeukia. "Umeme ukikatika," aliuliza taratibu, "unakata na saa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Pale hapakuwa na mtu wa kunibishia. Mstari ule ningeurudisha kwa dakika moja, nikazima na kuwasha, na kuanzia risiti ya thelathini na mbili mambo yangekuwa sawa. Lakini zile za nyuma zilikuwa zimeshaingia vitabuni, na kuzisahihisha kulihitaji maelezo kwa mkaguzi, na mkaguzi angeuliza umeme gani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye. Kweli yenyewe ni kwamba bibi alikuwa bado amesimama dirishani, mkono umenyooshwa, anangoja risiti yake.

"Mama, naomba tuingie ndani," nikasema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, heri angepiga. Aliuliza lile lile swali la kaka, kwamba hifadhidata nayo ningeweza kuifuta? Nikasema ningeweza. Akauliza nakala iko wapi. Nikasema hakuna. Akaandika kitu kwenye kitabu chake, akanituma nikarekebishe saa, na akaniambia Jumatatu anataka barua ya kujieleza.

Barua hiyo niliiandika Jumapili nzima, kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri. Jumatatu akaisoma mbele yangu, kalamu mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu akisoma kazi yangu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka. Alipomaliza akanirudishia. Alikuwa amepigia mstari maneno matatu: ilizimika, ilifutika, yalipotea.

"Hii folda ilifutika yenyewe?"

"Hapana, Mama."

"Kaandike tena."

Niliandika tena. Ilitoka nusu ukurasa. Bodi haikunipa mkataba. Ilinipa miezi mitatu mingine ya kibarua, na sharti la kuweka nakala kila jioni kwenye diski ya nje ambayo Mama Meneja huondoka nayo ndani ya mkoba, pamoja na miwani na vidonge vyake vya presha. Toleo la 9 lipo mpaka leo juu ya matofali yale yale. Kaka anasema iko siku tutahamia jakarta, na safari hii atakuja mwenyewe.

Yule bibi alikuja tena Februari kurejesha elfu ishirini. Nilimchapia risiti, nikampa kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu na macho, akasoma saa kwanza, ndipo akasoma hela.